Maporomoko ya Rutshuru: maji yanayokwenda Misri na kutuwashia taa Goma

 

Wiki hizi wengi mmeniambia mmechoka kusoma habari za vita peke yake. Mama mmoja wa Kiwanja, ambaye sasa anaishi kwa jamaa katika mtaa wa Majengo hapa Goma, alinisimamisha njiani akasema: "Papa, siku moja uandike juu ya chute yetu. Huyu mutoto anasema niko namudanganya." Mtoto wake alikuwa na miaka mitatu walipokimbia mwezi wa Oktoba 2022. Hakumbuki kitu. Anachojua ni hema, bidoni za njano na mawe meusi ya Nyiragongo. Mama yake anapomwambia kwamba kwao kuna mto mkubwa unaoanguka kwenye korongo, na kwamba maji yake yananguruma kabla hujayaona, mtoto anacheka.

Basi leo ninaandika kwa ajili ya mtoto huyo na wengine kama yeye. Ninaandika pia kwa ajili yetu watu wa Goma, kwa sababu kila usiku tunawasha taa bila kuuliza umeme unatoka wapi.

Barabara ya kufika

Kutoka Goma mpaka Rutshuru ni zaidi kidogo ya kilometa 70 kwa barabara ya taifa namba 2. Wenyeji wanaijua kwa majina ya vituo: Kanyaruchinya, Kibati, Kibumba, Rugari, Rumangabo, Kalengera, Rubare, halafu Rutshuru mjini, na mbele kidogo Kiwanja. Mkono wa kushoto unakuwa na Nyiragongo, na nyuma yake Nyamulagira. Mkono wa kulia unaona Mikeno imechongoka, na Karisimbi nyuma yake. Ukitoka Kibumba baridi inaanza kupungua. Ukikaribia Rutshuru udongo unabadilika, migomba inaongezeka, na hewa inakuwa ya joto, maana umeshuka.

Hapo ndipo mto Rutshuru unapopita. Na si mbali na mji, mto huo unafika mahali ambapo mwamba unaukatia njia. Maji yaliyokuwa yanatembea kwa upana yanabanwa, yanaruka, yanaanguka kwenye korongo lenye miti pande zote mbili. Unasikia mngurumo kwanza. Halafu unahisi unyevu usoni. Mwisho ndipo unaona maji meupe yakishuka juu ya mwamba mweusi.

Nilifika huko mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, katika safari ya darasa. Tulitoka Goma alfajiri, tumebebwa nyuma ya lori, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Mwalimu wetu hakutuacha tusogee ukingoni. Alituambia kila mmoja achume jani alitupe majini kutoka mahali salama. Halafu akauliza: "Haya, nani anajua jani lake litaishia wapi?" Mimi nilijibu haraka: "Ziwa Kivu, mwalimu!" Darasa zima likakubali. Maana kwa mtoto wa Goma, maji yote ya dunia yanakwenda Ziwa Kivu.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Majani yenu," akasema, "yanakwenda Misri."

Tulifikiri anatutania. Lakini alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio mwanzo wa historia ya maporomoko haya.

Milima iliyogawa maji

Mto Rutshuru unaanzia upande wa Uganda, katika Ziwa Mutanda, karibu na Kisoro. Ziwa hilo liko juu milimani, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo mto unaingia Kongo, unapita Rutshuru, unaingia kwenye tambarare ya Hifadhi ya Virunga, na mwisho unamwagika katika Ziwa Edward, upande wa wavuvi wa Vitshumbi. Ziwa Edward liko kwenye mita 900 na kidogo tu. Maana yake, kutoka chanzo mpaka mwisho, mto huu unashuka karibu mita 900. Mto unaoshuka hivyo katika nchi ya volkano na mabonde ya ufa hauwezi kutembea taratibu siku zote. Ni lazima mahali fulani uruke.

Kutoka Ziwa Edward maji yanatoka kwa mto Semliki, yanaingia Ziwa Albert, halafu yanaungana na Nile. Yanapita Juba, yanapita Khartoum, yanapita Cairo, mpaka bahari ya Mediterania. Kwa hiyo mwalimu hakutudanganya.

Sasa tuangalie maji yetu ya Goma. Ziwa Kivu linatoka kwa mto Ruzizi pale Bukavu, linashuka mpaka Ziwa Tanganyika. Tanganyika linatoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, linaingia Lualaba. Lualaba inapita Kindu na Kisangani, inakuwa mto Kongo, inapita Kinshasa, na inaingia bahari ya Atlantiki.

Mvua moja ikinyesha kwenye milima ya Virunga, tone la upande huu linaweza kuishia Atlantiki, na tone la upande ule likaishia Misri. Mpaka kati ya mito miwili mikubwa kuliko yote ya Afrika uko hapahapa, kwenye barabara yetu ya kwenda Rutshuru, mahali ambapo wauza viazi wa Kibumba wanasimamisha magari.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba zamani sana, kabla volkano za Virunga hazijainuka, maji ya bonde la Kivu yalikuwa yanakwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Halafu volkano zikatoka moja baada ya nyingine, mpaka tukapata milima minane mikubwa tunayoijua: Nyamulagira, Nyiragongo, Mikeno, Karisimbi, Bisoke, Sabyinyo, Gahinga na Muhabura. Mawe ya moto yalifunga bonde kama ukuta. Maji yakajaa nyuma ya ukuta huo, ziwa likapanda, na mwisho likapata njia ya kutokea kusini, ndiyo Ruzizi. Hata samaki wanatoa ushahidi: jamaa nyingi za samaki wadogo wa Kivu zina undugu na zile za Ziwa Edward.

Kwa maneno mengine, Goma na Rutshuru zilikuwa bonde moja la maji, na volkano ndiyo iliyozitenganisha.

Mpaka wa karatasi

Volkano ilitenganisha maji. Wazungu wakaja kutenganisha watu.

Mwaka 1889 Stanley alipita karibu na ziwa la kaskazini akaliita Edward, jina la mwana wa malkia wa Uingereza. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivuka Rwanda, akapanda Nyiragongo, akafika Ziwa Kivu. Baada ya hapo serikali tatu za Ulaya, yaani Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza, zilianza kugombea milima hii, kila moja na ramani yake. Mwaka 1910 walikutana Brussels wakapatana. Bufumbira, yaani nchi ya Kisoro, ikawa ya Waingereza. Bwisha, yaani nchi ya Rutshuru, ikabaki Kongo. Upande wa Rwanda ukawa wa Wajerumani.

Hakuna mtu wa Bwisha wala wa Bufumbira aliyeitwa kwenye kikao hicho. Familia zilizokuwa zinaoana, zinauziana maharage na kuchungia ng'ombe pamoja zikajikuta katika nchi mbili tatu. Mto Rutshuru wenyewe ukawa unazaliwa Uganda na kukua Kongo, na mpaka leo unavuka bila jeto na bila kuulizwa kitambulisho.

Miaka minne baadaye vita vikuu vya kwanza vilianza, na eneo hili likawa mstari wa mbele kati ya Wabelgiji na Wajerumani. Rutshuru ilikuwa kituo cha askari wa Kibelgiji. Mwaka 1916 majeshi yaliingia Rwanda, na nyuma yao wapagazi wengi wa Kongo wakibeba mizigo kichwani. Wazee wetu walipoambiwa na wazee wao kwamba barabara ya Rutshuru ni barabara ya vita, walikuwa hawazungumzii mwaka 1996 wala 2012. Walikuwa wanazungumzia hicho kizazi cha wapagazi.

Wageni wenye kamera

Tarehe 21 Aprili 1925 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Hifadhi ya Albert, jina la mfalme wao. Ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika yote. Mmarekani Carl Akeley, aliyekuwa amewinda sokwe wa Mikeno kwa ajili ya jumba la makumbusho na baadaye akabadilisha mawazo, ndiye aliyesukuma sana walindwe. Alifariki mwaka 1926 kwenye mteremko wa Mikeno. Mwaka 1929 hifadhi ilipanuliwa mpaka tambarare ya Rwindi na Rutshuru na ukingo wa Ziwa Edward. Waliokuwa wanalima, kuvua na kuwinda ndani ya mipaka hiyo wakaambiwa waondoke au waache. Manung'uniko ya ardhi tunayoyasikia mpaka leo kando ya hifadhi yana mizizi hapo.

Barabara ilipotengenezwa, watalii wakaanza kuja. Safari yao ilikuwa karibu ileile kila mara. Walilala Goma au Kisenyi, wakapiga picha za Nyiragongo usiku inapowaka, kisha wakashuka Rutshuru kuangalia maporomoko. Baada ya hapo waliendelea mpaka Mai ya Moto, chemchemi zinazochemka ndani ya hifadhi, na mwisho wakafika Rwindi kuangalia viboko na tembo. Kadi za posta za wakati wa ukoloni zenye picha ya maporomoko ya Rutshuru zilitumwa Ulaya. Ndani ya picha hizo unaona maji na miti. Mara nyingi huoni mtu. Ukizitazama utafikiri hapakuwa na kijiji hata kimoja.

Lakini watu walikuwapo. Ndio waliofungua njia kwa panga, waliobeba masanduku, waliopika, walioonyesha mahali pa kusimama usiteleze. Mwanamke wa Rutshuru aliyekuja kuchota maji au kufua hakuwa mtalii, na hakuna aliyemuuza kadi ya posta. Hata hivyo aliyajua maporomoko hayo kuliko mgeni yeyote: alijua mwezi gani maji yanakuwa ya udongo, na jiwe gani lisilokanyagwa.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1969 hifadhi ilipewa jina la Virunga. Wakati wa Zaire, familia za Goma zenye gari zilikuwa zinashuka Rutshuru siku ya Jumapili. Kwaya zilikwenda kuimba huko, maharusi walikwenda kupiga picha, shule zilikwenda kama sisi tulivyokwenda. Mahali palipokuwa pa wageni pakawa petu pia.

Mwaka 1973 Ziwa Edward lilibadilishwa jina likaitwa Ziwa Idi Amin Dada. Kwa miaka kadhaa, mpaka Amin alipoangushwa mwaka 1979, maji ya maporomoko yetu yalikuwa yanamwagika ndani ya ziwa lenye jina la rais wa jirani. Jina lilikuja likaondoka, maji yakaendelea kushuka. Mwaka huohuo 1979 UNESCO iliiandika Virunga kuwa urithi wa dunia.

Miaka ambayo barabara ilijaa watu

Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka. Kambi kubwa zilisimama kandokando ya barabara hii, Kibumba, Katale na Kahindo, pamoja na Mugunga upande wa Sake. Kipindupindu kiliua maelfu kwa majuma machache. Mwaka huo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mpaka leo haijatoka. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni. Mwaka 1996 vita vilizifagia kambi hizo, na tangu hapo barabara ya Rutshuru haijapumzika kwa muda mrefu.

Sitarudia kila jambo, mnayajua kwa miili yenu. Nitataja machache tu ili watoto wajue mfuatano wake. Mwezi wa Oktoba 2008 wapiganaji wa CNDP walichukua Rutshuru, na mwanzoni mwa Novemba watu wapatao 150 waliuawa Kiwanja. Mwaka 2012 M23 walichukua Rutshuru, na tarehe 20 Novemba wakaingia Goma, wakakaa siku kumi na moja. Walishindwa Novemba 2013. Aprili 2014 mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi kwenye barabara hii na akapona. Aprili 2020 walinzi 12 wa hifadhi waliuawa karibu na Rumangabo. Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa upande wa Kibumba pamoja na mlinzi wake na dereva wake Mkongomani, Mustapha Milambo. Ninamtaja dereva kwa sababu mara nyingi anasahauliwa.

Katika hali hiyo, nani angepanga safari ya Jumapili kwenda kuangalia maji? Maporomoko hayakufungwa na mtu. Ni sisi tulioacha kwenda, mwaka mmoja baada ya mwingine, mpaka kizazi kizima cha Goma kikakua bila kuyaona.

Maji yaliyokuja kwa waya

Lakini kuna kitu kilitokea ambacho mwalimu wangu hakukitabiri. Alisema maji ya Rutshuru hayawezi kuja Goma. Baadaye yalikuja, kwa njia nyingine.

Kwenye mto huohuo wa Rutshuru, mahali panapoitwa Matebe, shirika la Virunga lilijenga kituo cha umeme. Kilizinduliwa Desemba 2015, chenye nguvu ya zaidi ya megawati 13. Jinsi kinavyofanya kazi si siri kubwa. Sehemu ya maji ya mto inatolewa kwa mfereji, inapelekwa mpaka juu ya mteremko, halafu inaachwa ianguke ndani ya bomba. Nguvu ya kuanguka inazungusha mashine, mashine inatoa umeme, na maji yanarudi mtoni kuendelea na safari yake ya Misri. Hayapungui wala hayachafuki. Kisangani wanafanya vilevile kwa maporomoko ya Tshopo.

Nyaya zilipandishwa. Rutshuru, Kiwanja, Rubare na vijiji vya njiani wakaanza kupata umeme, vinu vya mahindi vikaacha mazutu, wachomeleaji wakafungua kazi. Baadaye umeme ulifika Goma. Zamani Goma ilitegemea umeme wa Ruzizi, ambao haukutosha mji unaokua kila siku. Kwa hiyo leo katika mji wetu, nyumba moja inaweza kuwaka kwa maji yanayokwenda Atlantiki, na nyumba ya jirani ikawaka kwa maji yanayokwenda Misri. Kile volkano ilichotenganisha, waya ukakiunganisha.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku chache baadaye, tarehe 27, tukaamriwa kuondoka sehemu kubwa ya mji. Wengine walikwenda Sake na Minova, wengine wakavuka Rwanda, wengine Bukavu. Na wengi walipanda barabara ya Rutshuru, wakipita kando ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa moshi. Watu wa Rutshuru na Kiwanja walitupokea. Walitupa vyumba, walitupa maharage, makanisa na shule zilifunguliwa. Wakati huo sisi wa Goma ndio tuliokuwa wakimbizi, na wao ndio waliokuwa wenyeji.

Mwaka mmoja tu ukapita. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ikaanguka, na tarehe 29 Oktoba Rutshuru na Kiwanja. Waliotupokea wakaja kwetu kwa miguu, na magodoro kichwani na mbuzi kwa kamba. Walisimama Kanyaruchinya, juu ya mawe ambayo hayashiki hata kigingi cha hema. Usiku mji wa Goma ulikuwa unawaka mbele yao, na sehemu ya mwanga huo ilitoka kwenye mto wa kwao. Chini ya bashi zao hapakuwa na taa. Mzee mmoja aliniambia wakati huo bila hasira: "Kura yetu ilitangulia, sisi tumeifuata. Yenyewe imepata nyumba."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, nyaya ziliharibika. Umeme ulikatika kwa siku kadhaa, na pampu za maji zikasimama pamoja nao. Watu walishuka ziwani kuchota maji kwa bidoni huku risasi zikilia. Hapo wengi walielewa kwa mara ya kwanza kwamba bomba la Goma limefungwa kwenye mto wa Rutshuru. Kisha mwezi wa Februari kambi zilizouzunguka mji zikaondolewa, watu wakapewa siku chache waende. Wengine wamerudi na kukuta nyumba zao, wengine wamekuta magofu, wengine bado wako kwenye vyumba vya jamaa hapa mjini, kama yule mama wa Majengo.

Kwa wale wanaofikiria kwenda

Baadhi yenu mliorudi mmeniandikia kwamba vijana wameanza tena kushuka kwenye korongo siku za Jumapili. Ninafurahi kusikia, lakini nina maombi.

Kwanza, ulizeni wenyeji wa karibu kabla ya kushuka. Hali ya usalama inabadilika, na njia iliyokuwa wazi juzi inaweza isiwe wazi leo. Pili, mkiona kitu cha chuma msichokijua, kwenye nyasi, shambani au kando ya mto, msikiguse, msikipige jiwe, msikibebe kwenda kuuza kama chuma chakavu. Wekeni alama kwa mbali na mjulishe wakubwa wa kijiji. Watoto wengi wa wilaya hii wamepoteza mikono kwa mabomu yaliyoachwa. Tatu, mawe ya ukingoni yana utelezi mwaka mzima, si wakati wa mvua tu. Mtoto ashikwe mkono. Hakuna picha inayostahili maisha ya mtu.

Na mfereji wa umeme si mahali pa kuogelea. Maji yake yanaonekana yametulia, lakini yanavuta.

Tuwaambie nini watoto

Mama wa Majengo, hili ndilo jibu langu kwa mtoto wako.

Mama yako hakudanganyi. Kwenu kuna mto unaozaliwa katika ziwa la mlimani na kupita mpaka bila kuomba ruhusa. Unaanguka kwenye korongo karibu na mji wenu. Unapita mahali pa viboko, unaingia kwenye ziwa ambako samaki wa Vitshumbi wanatoka, na unakwenda mbali mpaka Misri. Wageni walikuja kutoka Ulaya kuupiga picha kabla babu yako hajazaliwa. Taa unayoiona dirishani kwa jirani huenda inawaka kwa nguvu yake. Wewe si mtoto wa hema. Hema ni mahali ulipopita.

Na kwa sisi wa Goma, ninauliza swali moja tu. Waliotupokea mwaka 2021 walituuliza kabila gani, au walituuliza kama tumekula? Basi leo tunapowaona wamepanga foleni kwenye bomba, au wanaomba kuchaji simu kwenye duka la jirani, tusiwaite wale wa kambi. Maji wanayosubiri yanasukumwa na mto wa kwao. Kuwaachia nafasi kwenye foleni ni kulipa deni.

Wazee mlioyaona maporomoko hayo wakati barabara ilikuwa ya amani, kaeni na watoto jioni muwasimulie. Waambieni majina ya vituo vya njiani, mahali gari lilikuwa linapumzika, wimbo mliouimba ndani ya lori. Picha nyingi zilichomwa au kuachwa nyuma mlipokimbia, kwa hiyo yaliyobaki yako vichwani mwenu.

Mimi nimeahidi kwamba barabara ikitulia, nitakwenda na yule mtoto na mama yake. Atachuma jani, atalitupa majini kutoka mahali salama, na nitamuuliza linakwenda wapi. Nadhani safari hii jibu litakuwa sahihi.

Muwe na jioni njema, na Mungu awalinde popote mlipo, iwe Goma, Kiwanja, Sake, Minova, au kwenye nchi za watu.